Hesabu ya siku 84: Mzazi anavyoweza kuanza kudai sheria na sera zibadilike

Dar es Salaam. Mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 28 ya ujauzito alikuwa bado na wiki 12 za kukaa tumboni. Kwa miaka mingi, sheria ya kazi Tanzania Bara ilimpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84. Siku 84 ni wiki 12.

Maana yake ni kwamba siku likizo inapokwisha na mama anatakiwa aripoti kazini, ndiyo siku ambayo mtoto wake, kama mambo yangekwenda kama ilivyotarajiwa, angekuwa ndiyo kwanza anazaliwa.

Likizo yote inakuwa imeishia kwenye wodi ya watoto njiti na wiki chache za mwanzo nyumbani. Mama amekuwa akimbeba mtoto kifuani kwa mtindo wa kangaruu, ngozi kwa ngozi, saa nyingi kwa siku. Amekuwa akikamua maziwa na kumlisha kwa mrija au kikombe kidogo kwa sababu mtoto hajaweza kunyonya. Bado ana tarehe za kliniki za kupima uzito, macho na masikio. Halafu simu kutoka ofisini inauliza anarudi lini.

Hesabu hiyo ya wiki 12 haihitaji shahada ya sheria wala ya uchumi. Mzazi yeyote aliyekaa wodini anaweza kuifanya kwa vidole. Ni hesabu za namna hii ambazo mara nyingi huanzisha mabadiliko ya sheria, pale mtu anapokataa kuibeba peke yake na kuamua kuipeleka kwa wanaoweza kuamua.

Kutoka wodini hadi bungeni

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ndiyo iliyoweka siku hizo 84, na siku 100 kwa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Waliotunga sheria walishatambua kuwa mama wa pacha anahitaji muda zaidi. Mama wa njiti hakutajwa.

Njiti ni mtoto anayezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 za ujauzito. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kuwa mwaka 2020 pekee, watoto wapatao milioni 13.4 duniani walizaliwa kabla ya wakati. Kwa hiyo suala hili si la familia moja au mbili zenye bahati mbaya.

Nchini, miongoni mwa sauti zilizosikika kwa muda mrefu ni ya Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti na baadaye akaanzisha taasisi inayobeba jina lake. Taasisi hiyo ilijulikana kwanza kwa kupeleka vifaa katika wodi za watoto njiti. Pamoja na vifaa, ilikuwa ikiomba jambo lisilonunulika dukani: likizo ya mama huyo iongezwe.

Katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2024 jijini Arusha, Serikali ilitangaza kuwa mama anayejifungua njiti ataongezewa muda wa likizo. Mapema mwaka 2025, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi ambayo yanaongeza likizo hiyo kwa kuzingatia wiki za ujauzito zilizokuwa zimebaki.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza, ombi lilikuwa moja na lilieleweka. Halikuwa "Serikali iwajali wanawake", bali muda wa likizo katika kifungu kinachojulikana cha sheria inayojulikana. La pili, lilipita kwenye milango zaidi ya mmoja: taasisi za kiraia, wataalamu wa afya, wabunge, na jukwaa la Mei Mosi ambako kila mwaka wafanyakazi husoma risala yao mbele ya viongozi wa nchi.

Mzazi anayeanza leo hana taasisi wala jina kubwa. Ila njia aliyonayo ni ileile, na hatua zake za kwanza ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Kwanza, je, sheria haipo au haifuatwi?

Wengi hukosea hapa. Wanadai sheria mpya wakati ya zamani ipo na haijatekelezwa.

Mfano uko kwenye sheria hiyohiyo ya mwaka 2004. Inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku, katika saa za kazi, kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Kinamama wengi wanarudi kazini bila kujua kifungu hicho, na baadhi ya mabosi wao hawakijui pia. Mama huyo hahitaji kwenda Dodoma. Anahitaji nakala ya kifungu, barua fupi kwa ofisa utumishi na, ikiwezekana, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa kumsindikiza.

Mfano mwingine ni matibabu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma kwa wajawazito na watoto wenye umri chini ya miaka mitano katika vituo vya umma ni za msamaha wa malipo. Mzazi anayeambiwa dawa hakuna, aende akanunue duka la nje, ana tatizo la utekelezaji: fedha, usambazaji wa dawa au usimamizi wa kituo. Dai lake linapaswa kulenga huko.

Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi ni hili: ninachokitaka kimeandikwa mahali tayari? Kama kimeandikwa, anadai kifuatwe. Kama hakijaandikwa, au kimeandikwa vibaya, ndipo anadai kibadilishwe.

Pili, mlango ni upi?

Chukulia wazazi wa shule ya msingi iliyo kando ya barabara yenye magari ya kasi. Wanataka matuta na alama za kivuko cha watoto. Wanaweza kumlalamikia mwalimu mkuu miaka miwili mizima, na mwalimu akawaelewa kabisa, lakini mwalimu hana mamlaka juu ya barabara. Kama ni barabara kuu au ya mkoa, mwenye nayo ni Tanroads. Kama ni ya mtaani au ya wilaya, ni Tarura. Barua ikienda kwa asiye na mamlaka, hata ikiwa nzuri namna gani, haitazaa tuta.

Sera nazo zina ngazi. Kuna Katiba, sheria zinazotungwa na Bunge, kanuni zinazotungwa na waziri, sheria ndogo za halmashauri, na nyaraka za wizara. Kila moja ina anayeweza kuibadili.

Hili lilionekana wazi Novemba 2021. Kwa miaka kadhaa, msichana aliyepata ujauzito akiwa shuleni hakuruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida ya Serikali. Wizara ya Elimu ilipotangaza kuwa wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, wanaweza kurejea, chombo kilichotumika kilikuwa ni waraka. Haikuhitajika sheria mpya ya Bunge. Faida yake ni kwamba waraka hutoka haraka. Hatari yake ni kwamba waraka unaweza kuondolewa kwa waraka mwingine, ndiyo maana baadhi ya watetezi wa elimu wangependa kuona haki hiyo ikiingia kwenye sheria.

Kwa mambo ya karibu na nyumbani, mlango wa kwanza uko karibu pia. Kijijini, mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria na kuzungumza. Mjini kuna serikali ya mtaa na mikutano yake. Juu yake kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, kisha baraza la madiwani la halmashauri, ambalo vikao vyake vya kawaida wananchi wanaruhusiwa kuvihudhuria na kusikiliza.

Shule ina kamati ya shule na zahanati ina kamati ya usimamizi ya kituo, na zote zina wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Nafasi hizi mara nyingi huachiwa wachache kwa sababu wazazi wengine wanaona ni za kupoteza muda. Wanaozichukua ndio wanaojua fedha zimeingia lini na zimetumika vipi.

Jambo moja la kukumbuka kwenye mkutano wowote ni muhtasari. Hoja iliyosemwa kwa sauti kubwa na kupigiwa makofi, lakini haikuandikwa kwenye muhtasari, kesho yake haipo. Mzazi anayesimama kuzungumza amalizie kwa kumwomba mtendaji aiandike, na mkutano ujao aulize imefikia wapi.

Tatu, sentensi moja na ukurasa mmoja

Kiongozi anayepokea watu 30 kwa siku hakumbuki hotuba, anakumbuka sentensi moja. Hesabu ya siku 84 ilifaa kwa sababu hiyo: aliyeisikia mara moja aliweza kumsimulia mwingine bila kuipotosha.

Barua nayo isizidi ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ieleze tatizo na mahali lilipo. Ya pili iseme ni nani wanaoathirika na wangapi, kwa idadi ambayo mzazi ameihesabu mwenyewe. Ya tatu itaje kifungu, kanuni au kasma ya bajeti inayohusika. Ya nne iombe jambo moja, na iombe majibu kwa tarehe fulani. Mwisho ni majina, sahihi na namba za simu za waombaji.

Idadi inayotoka kwa wazazi wenyewe ina nguvu kuliko maneno makali. "Kwa siku tano za wiki iliyopita, kati ya saa 12:30 na saa 1:30 asubuhi, tulihesabu watoto wanaovuka barabara hii" ni mwanzo ambao ofisa hawezi kuupuuza kirahisi, ilimradi hesabu ilifanyika kweli na daftari lake lipo.

Barua ipelekwe masijala ya ofisi husika, na mzazi aondoke na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala hiyo ndiyo itakayomsaidia mwezi unaofuata atakapoambiwa kuwa barua haikuonekana.

Nne, asiende peke yake

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mzazi mmoja anayerudi ofisi ileile kila wiki anaweza kuonekana msumbufu. Wazazi 15 wenye ombi moja ni wananchi wa kata.

Wenzake wako wapi? Wako kliniki ya Jumatano, kwenye kikoba, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la pili, msikitini, kanisani, kwenye chama cha wafanyakazi. Muuguzi wa wodi ya njiti anajua ni kinamama wangapi wameondoka mapema kwa sababu likizo imekwisha. Mwalimu anajua ni watoto wangapi wanachelewa wakisubiri magari yapungue. Hawa wakikaa pamoja, kila mmoja ana kipande cha habari ambacho mwingine hana.

Kundi dogo lipeane kazi. Mmoja aandike, mwingine ahesabu, mwingine azungumze, mwingine atunze daftari. Daftari hilo lina mistari minne tu kwa kila hatua: tarehe, aliyeonwa, alichosema, na siku ya kurudi kumuuliza. Likipotea, kundi linaanza upya.

Kinababa nao wasibaki nyuma. Sheria ya mwaka 2004 ilimpa baba siku tatu za likizo ya uzazi, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kwa baba ambaye mtoto wake na mkewe wote wako wodini, siku tatu zinaweza kuishia kwenye foleni za dawa na damu. Kama kuna kinababa wanaoona hazitoshi, nao wana hesabu yao ya kupeleka.

Tano, kuomba taarifa ni haki

Wakati mwingine dai linakwama kwa sababu takwimu ziko ofisini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Ombi hufanywa kwa maandishi. Zipo taarifa ambazo sheria inaziwekea mipaka, lakini bajeti ya zahanati au ratiba ya matengenezo ya barabara ni mambo ya kawaida ambayo mwananchi anaweza kuyauliza.

Katiba yenyewe iko upande wake. Ibara ya 18 inazungumzia uhuru wa maoni na haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Ibara ya 21 inatambua haki ya raia kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Mzazi anayebisha hodi ofisini haombi hisani, ingawa adabu haimpunguzii kitu.

Sita, kumfikia mbunge kwa wakati wake

Jambo likihitaji sheria ya nchi, mlango ni Bunge. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na mkutano wa Bunge la Bajeti hufanyika Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni. Anayetaka fedha za jambo fulani akienda kwa mbunge mwezi Juni amechelewa, kwa sababu vipaumbele vya halmashauri na wizara huwa vimepangwa miezi kadhaa nyuma. Miezi ya kabla ya mwaka mpya ni mizuri zaidi, wakati wabunge wanapokuwa majimboni.

Mbunge anaweza kuuliza swali kwa wizara husika, na jibu la Serikali huingia kwenye Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo wengi huziita Hansard. Jibu hilo ni mali. Waziri akisema bungeni kuwa jambo litafanyika mwaka ujao wa fedha, mzazi ana ukurasa wa kurejea.

Muswada unapofikishwa kwenye kamati ya Bunge, kamati huwaalika wadau kutoa maoni kwa kufika au kwa maandishi. Kwa mzazi wa Kigoma au Lindi, nauli ya Dodoma ni mzigo, lakini maoni ya ukurasa mmoja yanayotaja namba ya kifungu na maneno yanayopendekezwa hayahitaji nauli. Kamati huzingatia kwa urahisi zaidi pendekezo lililo tayari kuwekwa kwenye sheria kuliko lalamiko la jumla.

Mahakama ni njia, lakini si ya mkato

Wapo waliochagua njia ya mahakama. Mwaka 2016, mwanaharakati Rebeca Gyumi alifungua shauri Mahakama Kuu akipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati umri wa mvulana ulikuwa miaka 18.

Julai 8, 2016, Mahakama Kuu ilikubaliana naye kuwa vifungu hivyo vinakinzana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Oktoba 23, 2019, Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo na kuacha uamuzi wa kwanza ukisimama.

Ushindi ulikuwa mkubwa. Hata hivyo, mwaka mmoja uliotajwa na mahakama ulipita bila Bunge kupitisha marekebisho hayo, na watetezi wa watoto waliendelea kuyadai miaka mingi baadaye.

Anayefikiria njia hii ajue pia kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yanamtaka anayefungua shauri la haki za msingi aeleze kwa kiapo jinsi jambo hilo lilivyomwathiri yeye binafsi. Ushauri wa mwanasheria ni wa lazima. Kwa asiye na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria, na wasaidizi wa kisheria wapo katika wilaya nyingi.

Tangazo likitoka, kazi inaingia awamu ya pili

Funzo gumu zaidi kwa wazazi liko kwenye taulo za kike. Katika bajeti ya mwaka 2018/19, Serikali ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo baada ya wito wa muda mrefu wa wabunge na watetezi wa wasichana. Watu walishangilia. Mwaka mmoja baadaye, katika bajeti ya 2019/20, kodi ilirudishwa. Sababu iliyotolewa na Serikali ni kwamba msamaha haukumfikia mlaji, kwa kuwa bei madukani haikushuka kama ilivyokusudiwa.

Inawezekana kujiuliza mambo yangekuwaje kama wazazi katika kila wilaya wangeandika bei ya pakiti dukani kabla ya Julai 1, 2018, kisha wakaandika tena kila mwezi, na kuipeleka orodha hiyo kwa wabunge wao. Pengine wafanyabiashara wangebanwa mapema. Pengine Serikali ingetafuta njia nyingine badala ya kurudisha kodi. Kazi hiyo ilihitaji kalamu, daftari na subira, vitu ambavyo mzazi wa kawaida anavyo.

Likizo ya mama wa njiti nayo imeingia katika awamu hiyo. Kifungu kipo, lakini je, kila ofisa utumishi amekisoma? Mama anayelazwa ghafla wiki ya 29 hana nafasi ya kutafuta sheria. Anayeweza kumsaidia ni mume, dada au rafiki anayekwenda ofisini kwake na barua ya daktari inayoonyesha wiki za ujauzito, pamoja na nakala ya marekebisho ya sheria. Vyama vya wafanyakazi vikiuliza kila mwaka ni kinamama wangapi wameipata likizo hiyo, itajulikana kama sheria inafanya kazi.

Kuna kundi jingine ambalo kifungu hicho hakikuligusa kabisa. Mama lishe, mkulima, mshona nguo na mwenye genge hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Njiti wao ana mahitaji yaleyale ya kifuani na kliniki, ila siku ambayo mama hafanyi kazi ni siku ambayo hakuna kipato. Kwao, siku 84 hazikuwahi kuwapo. Dai lao bado halijapata sentensi yake, na huenda atakayeitunga ni mama mmoja kati yao.

Kumlinda mtoto na kujilinda

Hamu ya kusikika isimgharimu mtoto. Picha ya njiti mwenye mirija puani husambaa haraka mtandaoni, lakini mtoto huyo atakua, na picha itabaki. Habari za ugonjwa wake ni zake. Mzazi anaweza kueleza kisa bila jina, sura wala jina la shule ya mtoto, na asitumie kisa cha familia nyingine bila ridhaa yao.

Asambaze alichokiona na anachoweza kukithibitisha tu. Takwimu ya kusikia ikigundulika kuwa si kweli inaharibu hata zile za kweli, na kusambaza taarifa za uongo mtandaoni ni kosa kisheria. Kundi likitaka kufanya mkutano wa hadhara au matembezi, sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Kukutana sebuleni au kwenye ukumbi wa shule kupanga barua ni jambo rahisi zaidi kwa wanaoanza.

Watokee pia wanasiasa watakaotaka kulibeba suala hilo kuwa la chama chao. Kundi la wazazi linaweza kumkaribisha kila kiongozi kusikiliza, bila kumkabidhi yeyote daftari lake.

Wiki hii

Kwa mzazi ambaye amefika hapa akiwa na jambo lake kichwani, kazi ya wiki ya kwanza ni ndogo. Aliandike jambo hilo kwa sentensi moja na kuwasomea watu watatu. Wakielewa bila maelezo, ameanza. Wasipoelewa, alifupishe tena.

Kisha aulize ni ofisi gani yenye mamlaka juu yake, na mkutano ujao wa kijiji, mtaa, kamati ya shule au chama cha wafanyakazi ni tarehe ngapi. Aiweke tarehe hiyo kwenye simu, palepale anapoweka tarehe za kliniki ya mtoto, na atafute mzazi mmoja wa kwenda naye.